Mashine Haijafa: Kompyuta za Zamani na Wi-Fi Mpya Mjini Lubumbashi



Kila apitaye karibu na kampasi ya Kasapa ya chuo kikuu chetu anazijua zile sekretaria publiki: meza, kompyuta, printa, na mwanafunzi aliyesimama nyuma ya mchapaji akimsomea TFC yake, yaani kazi ya kumalizia masomo, neno kwa neno. Nyingi ya kompyuta hizo zilikwisha kutumika miaka kadhaa katika ofisi za Ulaya, Marekani au Dubai kabla ya kuletwa kuuzwa huku. Zinachapa vizuri, na mwenye nazo amezizoea. Taabu inaanza siku mwenye kibanda, au shule, au ofisi ya parokia, inaponunua ruta mpya. Simu zote zinaingia kwenye mtandao papo hapo. Kompyuta haioni kitu. Au inaliona jina la mtandao, inaomba neno la siri, inazungusha kidude chake kwa muda, kisha inakataa. Fundi wa kwanza anasema kadi imekufa. Wa pili anasema mashine imezeeka, nunua nyingine.

Mara nyingi kadi haijafa, na uzee peke yake hauzuii mashine kuingia mtandaoni. Kilichopo ni kutoelewana kati ya vifaa viwili vilivyotengenezwa katika nyakati mbili, na pale vinapotofautiana panaweza kujulikana kabla hujatoa hata franka moja. Ndilo jambo nililokuja kulieleza. Nimekuja pia kupinga dawa moja inayotolewa ovyo mjini mwetu: kushusha ulinzi wa ruta nzima ili mashine moja ipite.

Jambo hili lina haraka yake sasa. Mwezi wa 3 mwaka 2024 ARPTC, mamlaka inayosimamia mawasiliano nchini mwetu Kongo, ilitangaza kwamba Starlink, intaneti ya setilaiti, hairuhusiwi nchini. Mwezi wa 5 mwaka 2025 ikaipa ruhusa. Tangu hapo, ruta za Wi-Fi 6 zinaweza kuingia kihalali hata katika shule iliyo mbali na kebo yoyote, na humo zinakutana na kompyuta za mwaka 2006.

Tuanze na kanuni zenyewe. Wi-Fi ilianza kuandikiwa sheria mwaka 1997, kwa jina la 802.11. Mwaka 1999 ikaja 802.11b, ya megabiti 11 kwa sekunde. Mwaka 2003 ikaja g, ya megabiti 54. Mwaka 2009 n. Baadaye ac, kisha ax ambayo maboksi ya leo yanaiita Wi-Fi 6. Majina haya ya namba yalitangazwa mwaka 2018, kwa hiyo usiyatafute kwenye kompyuta iliyotoka kiwandani mwaka 2008. Walioandika sheria hizi walijitahidi sana ili kifaa kipya kiendelee kuelewana na cha zamani. Ruta ya Wi-Fi 6 ikiwa kwenye masafa ya gigahezi 2.4 inaweza kuipokea kadi ya g ya mwaka 2004. Inaweza, ila mwenye ruta au kiwanda chake anao uwezo wa kuukataza upokezi huo, na baadhi ya ruta zinafika kwako zikiwa zimekwisha kukatazwa.

Swali la kwanza basi ni la masafa. Kadi za b na g zinasikia gigahezi 2.4 tu, na kadi nyingi za n vilevile. Mtandao wa gigahezi 5 kwao haupo kabisa. Hata ukiiweka kompyuta juu ya ruta haitauona. Ruta nyingi za leo zinatoa masafa yote mawili chini ya jina moja, na simu zinajichagulia. Ingia katika mipangilio ya ruta, uyatenganishe, uyape majina mawili, halafu uone kama lile la 2.4 linatokea kwenye kompyuta. Kwa nyumba zetu za matofali mekundu, zenye kuta nene zilizojengwa tangu mji huu ulipoitwa Élisabethville, masafa ya 2.4 yana faida nyingine: yanapenya ukuta vizuri kuliko ya 5. Usione aibu kuyatumia.

Ndani ya gigahezi 2.4 kuna chaneli, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ni mahali ambapo mafundi hodari wanapotea. Ulaya inatumia chaneli 1 hadi 13. Marekani inatumia 1 hadi 11. Kompyuta iliyouzwa kwanza Marekani mara nyingi ina kadi iliyofungwa kiwandani isisikilize chaneli 12 na 13. Sasa leta kompyuta hiyo Lubumbashi, uiweke mbele ya ruta iliyopangwa kwa Ulaya na iliyoachwa ichague chaneli yenyewe. Jumatatu ruta imekaa chaneli ya 6, kompyuta inafanya kazi. Usiku umeme wa SNEL unakatika, unarudi alfajiri, ruta inawaka upya, inapima hewa na kuchagua chaneli ya 13. Jumanne kompyuta haiuoni mtandao. Simu zinauona. Mtu anaapa kwamba kukatika kwa umeme kumeunguza kadi, anaitoa, anaweka nyingine ya aina ileile, na ikiwa siku hiyo ruta imerudi chaneli ya 6, kadi mpya inasifiwa na ya zamani inatupwa ikiwa nzima. Tiba haigharimu kitu: iondoe ruta katika kujichagulia, uiweke chaneli ya 1, 6 au 11, na upana wa chaneli uwe megahezi 20. Upana wa 40 unazisumbua kadi za zamani, na katika kartye iliyosongamana unawasumbua majirani pia.

Kadi za 802.11b zina shida ya peke yake. Zinasema kwa kasi nne tu, ya juu kabisa ikiwa megabiti 11, na baadhi ya ruta za leo zimeacha kabisa kuzijibu kasi hizo. Sababu yao ninaikubali. Hewa ni moja, na anayesema polepole anawafanya wote wangoje. Kifurushi cha baiti 1500 kinachukua milisekunde 12 kwa kasi ya megabiti 1; kwa megabiti 54 kinachukua kama robo moja ya milisekunde. Mashine moja ya b katika chumba cha kompyuta cha shule inaweza kuzilegeza zote. Kadi ya b ninashauri iachwe, na nitasema baadaye nini cha kuweka mahali pake.

Sasa kufuli. Ya kwanza, WEP, ilizaliwa na kanuni ya mwaka 1997. Mwaka 2001 Scott Fluhrer, Itsik Mantin na Adi Shamir walionyesha kasoro kubwa katika namna inavyotengeneza funguo zake. Mwaka 2007 watafiti watatu wa Darmstadt, Ujerumani, walionyesha kwamba ufunguo huo unaweza kupatikana kwa chini ya dakika moja. Katikati, mwaka 2003, ililetwa WPA na njia yake ya TKIP, iliyobuniwa makusudi ili iweze kwenda juu ya kadi zilezile za WEP bila kubadilisha chuma. Ilikuwa ya kuvukia. Mwaka 2004 ikaja WPA2, inayotumia AES, na tangu Machi 2006 hakuna kifaa kinachopewa cheti cha Wi-Fi bila hiyo. Mwaka huo muushike vizuri: kompyuta iliyotengenezwa baada ya 2006, karibu kila mara, kadi yake ina uwezo wa WPA2.

Lakini uwezo wa kadi na ujuzi wa Windows ni vitu viwili. Windows XP iliyo na Service Pack 2, ya mwaka 2004, haikuijua WPA2. Ilihitaji nyongeza iliyotoka mwaka 2005. Service Pack 3, ya mwaka 2008, inayo ndani yake. Kwa hiyo XP inapoliona jina la mtandao na kulikataa neno la siri sahihi, angalia kwanza Service Pack kabla hujashika bisibisi. Kwa Windows 7, andika katika dirisha jeusi la amri maneno haya: netsh wlan show drivers. Itakuonyesha aina za redio ambazo kadi inazijua na kufuli inazozikubali. Dakika moja tu, na umemaliza nusu ya ubishi. Wa Linux waandike iw list.

WPA3 ilitangazwa mwaka 2018, na tangu Julai 2020 kila kifaa kipya kinachotaka cheti lazima kiwe nayo. Windows 10 iliijua mwaka 2019. Windows 7 haikuijua na haitaijua, kwa sababu Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Januari 2020. Ruta iliyowekwa WPA3 peke yake inazifungia nje mashine zote za namna hiyo. Ipo hali ya mchanganyiko, WPA2 na WPA3 pamoja, na kwa mashine nyingi inatosha. Si kwa zote. Kadi nyingine za zamani zinaposoma tangazo la ruta lenye mambo yote mawili, zinachanganyikiwa na kukaa kimya. Hapo uweke WPA2 na AES tu, uone. WPA2 yenye AES na neno la siri refu bado ni kufuli ya heshima. Ni kweli kwamba mwaka 2017 Mathy Vanhoef, wa Chuo Kikuu cha KU Leuven nchini Ubelgiji, alionyesha namna ya kuichezea salamu yake ya kuanzia. Tundu hilo lilizibwa kwa masasisho, kwa hiyo isasishe ruta, na kompyuta kama bado inapata masasisho.

Nikisema ushuke hadi WPA2, sisemi ushuke zaidi. Fundi anayeirudisha ruta ya dispansari kwenye WEP, au anayeiacha wazi bila neno la siri, kwa sababu ya kompyuta moja ya mapokezi, amefungua majina ya wagonjwa, barua za daktari na malipo ya watu kwa yeyote aliyekaa barabarani na laptopu. TKIP nayo ilianza kuvunjwa mwaka 2008. Na zaidi ya hapo, kanuni za n na za baadaye hazitoi kasi zao juu ya TKIP wala WEP, hivyo mtandao wote unarudi megabiti 54 kwenda chini. Mmelipa pesa nyingi kununua Wi-Fi 6, mnabaki na ya mwaka 2003. Mashine moja ndiyo isaidiwe ifike pale wengine walipo. Ninasema hivi kwa uchungu, kwa sababu anayeumia ni mgonjwa au mzazi ambaye hakuulizwa.

Kuna kikwazo kingine kidogo ambacho hapa kwetu kinapoteza saa nyingi: klaviye. Kompyuta zilizotoka Ubelgiji na Ufaransa zina AZERTY. Za Marekani na nyingi za Dubai zina QWERTY. Mtu akiweka Windows upya bila kuchagua lugha ya klaviye, vitufe vinaandika tofauti na vinavyoonyesha. Ukibonyeza A inatoka Q, ukibonyeza Z inatoka W, na namba za mstari wa juu kwenye AZERTY zinataka kitufe cha herufi kubwa. Neno la siri limefichwa kwa vidoti, kwa hiyo hulioni kosa. Kabla ya kuilaumu kadi, fungua ukurasa mtupu, uliandike neno la siri pale, ulisome kwa macho. Halafu majina ya mitandao. Sisi tunaopenda kuandika Réception au Économat tunaweka herufi zenye alama, na mashine za zamani zinazisoma vibaya, nyingine hazikubali kuungana kabisa. Andika jina kwa herufi za kawaida bila alama, na neno la siri vilevile.

Piloti, ile programu ndogo inayoifanya Windows iijue kadi, nitaigusa kwa ufupi. Ruta za ax zilipotokea, Intel ilitoa ushauri rasmi kwamba baadhi ya kadi zake zenye piloti za zamani hazitayaona majina ya mitandao hiyo, na tiba ni piloti mpya. Kadi ya mwaka 2013 kama Intel 7260 ni mojawapo. Mtu anaweza kuikatia tamaa kadi nzuri kwa sababu ya faili ambalo linapakuliwa bure kwenye simu na kuhamishwa kwa kle ya USB. Ikiwa piloti mpya haipatikani, zima ax kwenye masafa ya 2.4 ndani ya ruta, mtandao utaonekana.

Tuje kwa mashine ambayo imekataa haya yote, au yenye kadi ya b niliyosema tuiache. Njia ninayoipenda kuliko zote ni kebo. Tundu la RJ45 la kompyuta ya mwaka 2002 linaelewana na ruta ya mwaka huu bila neno la siri, bila chaneli, bila kufuli ya kubishania. Ruta ya Starlink ya kizazi cha 3 ina matundu mawili ya kebo. Ile iliyoitangulia haina, inahitaji adapta yake ya pekee, kwa hiyo muulize muuzaji kabla ya kulipa. Na mnapoinunua kebo sokoni, angalieni. Kebo nyingi za bei rahisi zilizoandikwa Cat5e ndani yake ni alumini iliyopakwa shaba. Inakatika ikikunjwa, na inapoteza nguvu ya mawimbi njiani. Ukwangue uzi mmoja kwa kisu: ukitokea weupe, rudisha. Katika mji uliojengwa juu ya shaba, hatuna sababu ya kukubali alumini yenye rangi.

Pale kebo isipofika, kle ya Wi-Fi inayoingia kwenye tundu la USB inaweza kuchukua kazi ya kadi ya zamani. Usichague kwa umbo, chagua kwa chipu na kwa Windows uliyonayo. Kle mpya kabisa mara nyingi haina piloti ya XP. Kwa Linux, yenye chipu ya Atheros AR9271 inafanya kazi kwa piloti iliyomo ndani ya mfumo wenyewe. Uangalie pia tundu: USB 1.1, ya mwaka 1998, haipiti megabiti 12 kwa sekunde. Na simu ya Android iliyounganishwa kwa waya wake wa USB inaweza kuipitishia kompyuta intaneti, hata ile ambayo simu yenyewe inaipata kwa Wi-Fi. Windows 7 na Linux zinaielewa, na kazi ya dharura inakwenda.

Njia inayosahauliwa ni ruta ya zamani yenyewe, ile iliyotolewa kabatini siku mpya ilipofika. Nyingi zinaweza kugeuzwa kuwa mteja: zinaushika mtandao mpya kwa Wi-Fi na kuutoa kwa kebo. Nyingine hazina uwezo huo kiwandani ila zinaupata kwa OpenWrt, mfumo wa bure ulioanza mwaka 2004 kutokana na ruta ya Linksys WRT54G. Kwa namna hiyo kompyuta nne za chumba kimoja zinaunganishwa kwa kebo fupi na ruta ya zamani, nayo inabeba kufuli ya WPA2 kwa niaba ya zote. Chumba cha kompyuta cha shule kinaweza kuokolewa hivyo kwa gharama ya kebo tu.

Kuungana hakumalizi safari. Unaweza kuwa na mtandao kamili na bado kila ukurasa ukakataa kufunguka. Tazama kwanza saa. Ndani ya kompyuta kuna betri ndogo ya duara, CR2032, inayoilinda saa umeme ukikatika. Ikiisha, mashine inaamka ikiamini ni mwaka 2004, na vyeti vyote vya usalama vya tovuti inaviona ni vya siku zijazo, inavikataa. Betri hiyo inauzwa kila mahali. Pili, cheti cha shina kilichokuwa kikitegemewa na tovuti nyingi zenye vyeti vya Let's Encrypt kilikwisha muda tarehe 30 Septemba 2021, na mashine zisizosasishwa zilibaki nje siku hiyo. Tatu, njia za usimbaji TLS 1.0 na 1.1 zilitangazwa kuachwa Machi 2021, na kivinjari cha XP cha Microsoft hakijui zaidi ya ile ya kwanza.

Hapa lazima niseme waziwazi kuhusu XP. Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 8 Aprili 2014. Hata kama umeipata SP3, kadi inakubali, kufuli ni WPA2 na saa ni sahihi, kuiingiza intaneti ni kuiweka barabarani bila mlinzi. Ushauri wangu ni kubadilisha mfumo na kubaki na mashine. Debian 12, mfumo wa Linux uliotoka Juni 2023, inaweza kuwekwa hata kwenye mashine za biti 32, na tangu toleo hilo diski ya kuanzia inabeba programu za ndani za kadi nyingi za Wi-Fi, zile ambazo zamani zilikuwa zikimtesa anayeanza. Debian 13, ya Agosti 2025, haina tena diski ya kuanzia ya biti 32, kwa hiyo kwa mashine hizo tumieni ya 12, au antiX ambayo ni nyepesi zaidi. Gigabaiti 1 ya kumbukumbu ni kidogo lakini inatosha kuandika na kutuma barua. Kabla ya kufuta chochote, anzisheni Linux kutoka kwenye kle ya USB bila kuiweka: ikiuona mtandao ambao Windows haikuuona, mmejua kwamba kadi ni nzima.

Wapo wenye sekretaria watakaoniambia kwamba printa yao inaijua XP tu, na kurasa za mwanafunzi zikibadilika mpangilio siku ya kuwasilisha TFC ni balaa. Ninawaelewa. Basi XP hiyo iachieni kuchapa, na Wi-Fi yake muizime kabisa. Nunueni kompyuta ya pili ya zamani, iwekeeni Debian, iunganisheni kwa kebo, nayo ipokee mafaili ya wanafunzi, iyachunguze kama yana virusi kwa programu ya ClamAV, na kuyahamisha kwa kle moja ya USB ambayo haitoki kibandani. Mwanafunzi akifika na kle yake, ichomekwe kwenye Debian kwanza, kila mara, hata foleni ikiwa ndefu.

Walimu wangu na wandugu, nimemaliza. Kama kuna waliokuja na mashine zao, waziweke hapa mezani tuzifungue pamoja; tuanze na zile zinazoliona jina la mtandao na kukataa kuingia.